PS5, Xbox au Switch 2? Ubora na kasoro za kila mashine kabla hujatoa pesa

Ubishi wa wapenzi wa gemu huwa ule ule: mashine ipi kali zaidi? Lakini kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa kuna swali linalotangulia: je, mashine ina sehemu ya kuweka diski? Jibu lake ndilo linaloamua bando litakwisha kiasi gani, na kama gemu ukishaichoka utaweza kuiuza au kumwazima jirani.

PlayStation 5

Ilitoka Novemba 2020.

Ubora: Inafungua gemu haraka sana, na inacheza karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo diski zako za zamani huzitupi. Pedi yake, DualSense, ina vitufe vya R2 na L2 vinavyokaza kulingana na unachofanya kwenye gemu.

Kasoro: Toleo la kwanza lina GB 825, lakini nafasi unayoweza kutumia ni kama GB 667 tu. Vijiti vya pedi vikichoka, mchezaji huanza kutembea mwenyewe bila kuguswa. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99 za Marekani, haiji na sehemu ya diski. Unainunua pembeni, na siku ya kuiunganisha lazima uwe na intaneti.

Xbox Series X na Series S

Zilitoka mwezi huo huo wa Novemba 2020. Series X ilianza kwa dola 499, Series S kwa dola 299.

Ubora: Series S ni ndogo na ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote. Zote mbili zinacheza gemu nyingi za Xbox One na Xbox 360. Huduma ya Game Pass inakupa mamia ya gemu kwa malipo ya kila mwezi.

Kasoro: Series S haina sehemu ya diski kabisa. Toleo lake la GB 512 linakuachia kama GB 364, wakati gemu moja kubwa ya sasa inaweza kupita GB 100. Yaani gemu tatu tu, tayari unaanza kufuta. Pia gemu zilizokuwa za Xbox peke yake zinahamia kwa jirani: Forza Horizon 5 iliingia PS5 mwaka 2025.

Nintendo Switch 2

Iliingia sokoni Juni 5, 2025 kwa dola 449.99.

Ubora: Unaichezea kwenye TV au mkononi. Umeme ukikatika, gemu inaendelea. Kioo chake ni cha inchi 7.9.

Kasoro: Kwa gemu nzito, betri inaweza kuisha ndani ya saa mbili hivi. Nafasi ni GB 256, na kuongeza kunahitaji kadi ya microSD Express. Ile ya kawaida ya simu haihifadhi gemu zake. Baadhi ya kadi za gemu zinazouzwa dukani ni ufunguo tu. Gemu yenyewe bado unaipakua.

Kwa nini diski ni muhimu hapa kwetu

Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo PlayStation Network inaruhusu kufungua akaunti. Wengi hufungua kwa jina la nchi nyingine, kisha wananunua kadi za malipo za nchi hiyo. Akaunti ikiwa na shida, gemu zote za kidijitali zinakuwa mashakani. Diski iko mkononi mwako: unainunua iliyotumika, unabadilishana, unaiuza. Ila hata diski nyingi hudai masasisho, hivyo bando halikwepeki moja kwa moja.

Kabla ya kulipa

Soma boksi vizuri. PS5 ina toleo la "Digital", na tangu 2024 hata Series X ina toleo lisilo na diski. Kwa nje zinafanana sana na zenye diski.

Mwenye intaneti ya uhakika nyumbani anaweza kufurahia Series S na Game Pass. Anayesafiri sana, Switch 2. Anayeishi kwa bando na diski za mkononi, PS5 yenye sehemu ya diski ndiyo itakayomsumbua kidogo zaidi.