Mgeni Ndani ya Mnyoo wa Matende

Leo uweke ukili wako kando kidogo hapo Kipungani, tuzungumze habari za matende. Wengi wenu mmeyaona katika visiwa hivi vya Lamu: mguu wa bibi uliovimba hata kiatu hakiingii, au mume mwenye busha ambaye kwa haya hasemi.

Wako wasemao busha huletwa na kunywa madafu. Dafu halina kosa. Matende na busha huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, na anayemsambaza ni mbu. Daktari Patrick Manson aliligundua hilo mwaka 1877 akiwa Amoy, Uchina. Aliona mbu akifyonza damu hufyonza pamoja nayo watoto wa mnyoo. Mnyoo jike hufika sentimita 8 hadi 10, naye hukaa miaka mingi ndani ya mishipa ya maji ya mwili. Watoto wake hutembea katika damu usiku, hasa kuanzia saa nne hadi saa nane. Ndiyo sababu wapimaji wa zamani walibisha hodi watu wakiwa wamelala.

Lakini mnyoo huyu hakai peke yake. Ndani yake mna mgeni.

Mwaka 1924, huko Marekani, Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walipasua mbu wa majumbani wakaona bakteria wadogo ndani ya ovari zake. Baadaye bakteria hao waliitwa wolbakia. Kwa miaka mingi hakuna aliyewajali sana. Katika miaka ya 1970, wataalamu waliotumia hadubini ya elektroni waliona bakteria ndani ya minyoo ya jamii ya matende pia, na katika miaka ya 1990 ikathibitika kuwa ni ukoo uleule wa wolbakia.

Wawili hawa wameishi pamoja muda mrefu mno hata hawawezi kutengana. Mwaka 2005 wanasayansi walisoma vinasaba vya wolbakia anayeishi ndani ya binamu wa mnyoo wetu. Walikuta anaweza kutengeneza vitamini B2, na pia kiini chenye chuma kama kile kilicho katika wekundu wa damu yetu. Mnyoo hawezi kujitengenezea kiini hicho. Naye mnyoo humpa bakteria makao na chakula. Mama mnyoo humrithisha kila yai lake mgeni huyo. Baba hana cha kutoa hapo.

Usishangae, mama. Wewe nawe humrithisha mwanao vijidudu, ila vyako ni vya heri. Maziwa yako yana sukari ambazo tumbo la mtoto haliwezi kusaga kabisa. Sukari hizo ni chakula cha vijidudu vyema vya utumboni, ambavyo humsaidia kuzuia vile vibaya. Basi si kila kijidudu ni adui.

Turudi kwa mnyoo. Ikiwa hawezi kuishi bila mgeni wake, je, mgeni akiuawa? Swali hilo lilijibiwa pwani yetu hii hii, kijiji cha Kimang'a, Pangani, Tanzania. Wanaume wenye minyoo walipewa doksisaiklini kila siku kwa wiki 8, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14 walipimwa kwa mashine ya kuonyesha ndani ya mwili. Kati ya wanaume 27 waliotumia dawa, ambao mwanzoni minyoo ilionekana, ni 6 tu walioonekana nayo tena. Kwa 27 wa upande wa pili, walikuwa 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Ila usikimbilie dukani kuinunua. Doksisaiklini haimfai mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto wa chini ya miaka 8, kwani huharibu rangi ya meno yanayoota. Na wiki 8 ni nyingi mno kwa kijiji kizima. Kwa hiyo kampeni za kugawa dawa hutumia dawa nyingine, za kumeza mara moja kwa mwaka. Mwaka 2018 Lamu Mashariki na Jomvu, Mombasa, walianza kupewa tatu kwa pamoja. Wagawaji wakifika kwako, waambie kama una mimba na uwaonyeshe watoto wadogo, maana si kila mtu hupewa.

Mguu uliokwisha kuvimba uoshwe kwa sabuni na maji safi asubuhi na jioni. Ukaushe taratibu hata katikati ya vidole, kisha bibi akiketi mwekee mto auinue. Nyufa za ngozi ndizo mlango wa bakteria wengine, wale waletao homa na maumivu makali.