Shahidi wa Mwezi na Elimu ya Ibn al-Haytham

Inasimuliwa katika vitabu vya tarehe kuwa watu walitoka kuutazama mwezi muandamo wa Ramadhani, na pamoja nao Swahaba Anas bin Malik (r.a.), mzee aliyekaribia miaka mia. Akasema ameuona, ilhali wengine hawakuona kitu. Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa Kadhi wa Basra, akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umeinamia jicho. Akaufuta. Anas akatazama tena, akasema haoni mwezi.

Iyas hakugusa uadilifu wa shahidi. Alitafuta kosa limeingilia wapi. Karne tatu hivi baadaye swali hilo lilichunguzwa na mtu mwingine wa Basra, al-Hasan bin al-Haytham, aliyefariki Misri takriban mwaka 1040.

Katika Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, alibainisha kuwa kuona si kitendo kimoja. Nuru na rangi hudirikiwa kwa hisia tupu. Vitu tulivyovizoea hutambuliwa kwa alama na kumbukumbu. Ama umbali na ukubwa, nafsi huvipima kwa upambanuzi na qiyas, upesi mno hata mtu asijue kuwa amepima. (Neno ni lile lile la mafakihi, ila hapa halikusudii kuambatanisha tawi na asili.) Juzuu ya tatu ikayapanga makosa ya macho kwa ngazi hizo hizo.

Mwaka 1983 Jerry Fodor, mwanafalsafa wa Marekani, alidai kuwa kuona ni chombo kilichojitenga ndani ya akili, kisichosikiliza mengine tuyajuayo. Mfano wake mashuhuri ni mistari miwili ya Müller-Lyer: hata ukiipima kwa rula ukayakinisha kuwa iko sawa, mmoja bado huonekana mrefu. Wapinzani wake husema mazoea na matarajio hupenya mpaka ndani ya kuona kwenyewe.

Sisi tunaona Ibn al-Haytham hawekwi upande mmoja. Utambuzi wake unategemea kumbukumbu, na hapo yuko na wapinzani. Lakini mwezi unapochomoza huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini, naye alijua kuwa hilo ni kosa la kukadiria. Kujua huko hakuupunguzi hata kidogo.

Basi anayesema "nimeuona mwezi" ameleta mambo mawili: mwanga alioupata jichoni, na hukumu kwamba ni mwezi. Ndiyo maana tunaona si kumvunjia heshima shahidi mwadilifu akiulizwa aliuona upande gani, pembe zake zilielekea wapi, na jua lilikuwa limeshazama au bado.