Ile Alama Kwa Mkono Wako wa Kushoto

Kunja mkono wa sweta. Wa kushoto. Angalia kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Unaona kile kidoa cha duara, kama mtu alibonyeza ngozi na kalamu akasahau kuitoa? Hiyo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Ukizaliwa Kenya unachanjwa hapo. Ukipata msee alama yake iko juu kwa mkono wa kulia, muulize kama alizaliwa Uganda, juu huko ndiko wao huchanja.

Miaka yote nilijua hiyo alama ni ya TB tu, basi. Mpaka dadangu akajifungua mwaka huu.

Alijifungulia hospitali moja ya huku kwetu, sitaitaja. Mtoto msichana, mzima, sauti ya kuamsha kijiji. Wakati wa kutoka akaambiwa BCG haifunguliwi siku hiyo, arudi Alhamisi. Sisi tunakaa juu huko Manga, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alhamisi akashuka, akapata watoto ni wanne. Akaambiwa ni wachache, arudi wiki ijayo. Wiki hiyo ingine mtoto alikuwa na homa, hawakutoka. Kabla tujue, wiki tatu zimeisha na mkono wa mtoto hauna kitu.

Magokoro hakuona shida. Alituambia, "Kwani mtoto ana nini? Mimi nililea tisa na hakuna aliyedungwa siku ya kwanza." Mkono wake una alama lakini ni ya ndui, kubwa, iko juu karibu na bega. Kila mtu akaniangalia mimi, juu nilisoma maikrobaiolojia miaka miwili kabla karo initoe kampasi. Sikuwa na jibu. Nilijua tu "inazuia TB," na TB haiji kwa wiki tatu.

Nikaenda kusoma. Kumbe jibu liko ndani ya mifupa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1908, huko Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walichukua bakteria wa TB ya ng'ombe wakaanza kuwakuza kwa viazi vilivyopikwa na nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila wiki kadhaa wanawahamisha kwa kiazi kipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, hata wakati Wajerumani wameshika mji wao kwenye Vita vya Kwanza. Mwishowe bakteria wakapoteza makali. B ni basili, C ni Calmette, G ni Guérin.

Mtoto wa kwanza kupewa ilikuwa Paris, mwaka 1921. Mama yake alikuwa amekufa na TB muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto alikuwa anaenda kulelewa na nyanya yake ambaye pia alikuwa na TB. Hakudungwa, alinyweshwa. Akapona salama. Si kila kitu kilienda vizuri, na sitawaficha: mwaka 1930 huko Lübeck, Ujerumani, chanjo ilichanganyika na bakteria wenye makali, na watoto zaidi ya 70 wakafa. Watu walikuwa na sababu ya kuogopa.

Lakini miaka hiyo hiyo, daktari mmoja wa kaskazini mwa Sweden, Carl Näslund, aliona kitu cha ajabu. Watoto waliopewa BCG walikuwa wanakufa kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa. Si TB peke yake, ni vifo kwa jumla. Na walikuwa wachanga sana, umri ambao TB bado haijaanza kuua watoto wengi hivyo. Aliuliza swali ambalo lilikaa miaka mingi bila jibu: hii chanjo inafanya nini kingine?

Huku kwetu, mwaka 1980 ni muhimu. Ndio mwaka WHO ilitangaza ndui imeisha duniani, na ndio mwaka Kenya ilianzisha KEPI, mpango wa taifa wa chanjo. Ndiyo maana mkono wa Magokoro una alama ya ndui na wangu una ya BCG. Mikono miwili, nyumba moja.

Sasa tuingie ndani ya mfupa. Uboho, ule mnofu laini wa ndani ya mfupa, ndio shamba la damu. Humo kuna seli chache sana zinaitwa seli shina. James Till na Ernest McCulloch walizithibitisha Toronto mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakitumia panya ambao uboho wao ulikuwa umeuawa na mionzi. Walipowadunga uboho mzima, damu ikaanza kutengenezwa tena, na baadaye ikaonekana kwamba seli moja inaweza kuzaa aina kadhaa za seli za damu.

Kama umekulia Kisii ama Nyamira hii utaielewa haraka kuliko mwanafunzi wa Toronto. Fikiria mgomba. Mgomba unazaa mkungu mmoja, unakatwa, umeisha. Lakini chini ya udongo shina liko, na linatoa chipukizi lingine, na lingine, miaka na miaka. Seli nyeupe za mstari wa mbele, zile zinakimbilia virusi kwanza kabla mwili haujatengeneza antibodi, ndio mgomba. Nyingi zinaishi siku chache tu kwa damu. Seli shina ndio shina lililo chini.

Hapo ndipo wanasayansi walikuwa wamekwama. Walishaona kwamba baada ya BCG, seli nyeupe zinakuwa kali kwa miezi mingi, hata kwa vijidudu ambavyo havihusiani na TB. Profesa Mihai Netea wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzake waliita hiyo kinga iliyofunzwa. Lakini seli ya kuishi siku chache inakumbukaje kitu kwa miezi? Mgomba uliokatwa Januari haujui mbolea uliyoweka Desemba.

Isipokuwa mbolea ilienda kwa shina.

Mwaka 2018, kikundi cha Maziar Divangahi huko Montreal, Kanada, kilionyesha kwa panya kwamba BCG ikifika kwa uboho inabadilisha seli shina zenyewe. Jeni hazibadiliki. Kinachobadilika ni zipi zimefunguliwa tayari na zipi zimefungwa. Kwa hivyo kila chipukizi linalotoka baadaye linatoka limejua kazi. Mwaka 2020, watafiti wa Bonn na Nijmegen walitoa uboho wa watu waliojitolea kabla ya BCG na siku 90 baada yake, wakaona seli shina za binadamu nazo zimebaki na mabadiliko.

Na virusi je? Mwaka huo huo wa 2018, Nijmegen, vijana waliojitolea walipewa BCG ama sindano ya bure isiyo na dawa. Baada ya mwezi wote wakapewa chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Waliokuwa na BCG walikuwa na virusi kidogo kwa damu. Chanjo ya bakteria ikapunguza kirusi. Nilisoma hiyo mara mbili.

Lakini msidhani uboho kazi yake ni kufundishwa mazuri tu. Virusi vikiingia, mwili unapiga king'ora cha interferoni, na king'ora hicho kinaamsha hata seli shina zilizokuwa zimelala. Likiwa jambo la muda mfupi, ni sawa, unapata chipukizi za haraka. Likiendelea muda mrefu, shina linachoka. TB yenyewe, ile ya kweli, inatumia king'ora hicho hicho kuharibu uboho: Divangahi na wenzake walionyesha hivyo kwa panya mwaka 2020. Na mwaka 2023 watafiti wa New York waliona kwamba watu waliougua Corona vibaya walibaki na alama kwa seli zao shina miezi mingi baada ya kupona. Mfupa unakumbuka mazuri na mabaya.

Najua kuna mtu tayari anaandika hapo chini, "Kwa hivyo BCG ilituokoa na Corona?" Polepole. Wengi wetu tulikuwa shule Machi 2020 wakati kisa cha kwanza kilitangazwa na tukarudishwa nyumbani. Nakumbuka ujumbe ukizunguka kwa makundi ya familia, ati Waafrika wako sawa juu ya ile alama. Aprili hiyo WHO ikasema hakuna ushahidi. Na majaribio makubwa yaliyokuja baadaye kwa wahudumu wa afya, matokeo yakitoka 2023, yalikuta BCG haikuzuia Corona. Hiyo ndiyo hali, na nisiposema nitakuwa nawauzia dawa ya miti shamba.

Aprili hiyo hiyo, madaktari wawili walisikika kwa televisheni ya Ufaransa wakiongea juu ya kujaribu BCG Afrika, juu huku hakuna barakoa wala matibabu. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Didier Drogba na Samuel Eto'o walikasirika. Mkuu wa WHO, Tedros, alisema Afrika haitakuwa uwanja wa majaribio. Lakini kelele zile zilitufanya tuone BCG kama swali la watu wa nje juu yetu. Na kumbe utafiti uliojibu swali letu, lile la mtoto wa dadangu, ulikuwa umeshafanywa hapa karibu, ng'ambo ya ziwa.

Ni Entebbe. Watoto 560 waliozaliwa kati ya 2014 na 2015. Nusu walipata BCG siku ya kuzaliwa, nusu wakapata wakiwa wiki sita. Wote waliipata, tofauti ilikuwa ni lini. Madaktari waliowapima hawakujua nani ni nani. Matokeo yalichapishwa 2021: katika zile wiki sita za kwanza, waliopata mapema waliugua magonjwa ya kuambukiza yasiyo TB kwa karibu asilimia 29 chini ya wenzao. Waliozaliwa na uzito mdogo walifaidika zaidi. Na kikundi cha pili kilipopata chanjo, tofauti ikapotea.

Soma hiyo tena ukifikiria mtoto wa wiki tatu pale Manga. Chanjo ya kuchelewa bado itamkinga na TB. Lakini zile wiki ambazo mwili wake ni mpya kabisa, hajui kijidudu chochote, na kila jirani anakuja kumbusu, hizo hazirudi. Ndiyo jibu ambalo ningempa Magokoro.

Sasa mbona inachelewa? Si ati manesi ni wavivu. Chupa moja ya BCG ina dozi 20. Ikishachanganywa, baada ya saa 6 inayobaki inamwagwa. Nesi akifungulia watoto wanne, amemwaga dozi 16. Ndiyo sababu wanangoja wajae, na ndiyo sababu kuna siku maalum. Ongeza na uhaba wa 2025, wakati BCG na chanjo ya polio zilikosekana kwa vituo vingi nchini, na unaona venye mama wa mlimani anapoteza wiki bila mtu kumkosea kwa makusudi.

Lakini hesabu hiyo inahesabu dozi peke yake. Haihesabu nauli ya dadangu, wala hizo wiki za mtoto. Kumwaga dozi kadhaa ili mtoto achanjwe kabla ya kutoka wodi ni hasara naweza kuitetea mbele ya mwakilishi wadi yeyote wa Kisii na Nyamira. Mama ako hapo tayari. Mtoto ako hapo. Wiki ijayo ni mvua.

Tulirudi Alhamisi ya nne. Magokoro alikuja pia, alisema anataka kuona hiyo sindano inasemwa sana. Watoto walikuwa kumi na moja, chupa ikafunguliwa. Mtoto alilia kama sekunde kumi, akalala. Njiani tukirudi, Magokoro alishika ule mkono mdogo akauangalia muda mrefu, kisha akakunja nguo yake akaweka wake kando.

Kama kuna mtu kwenu amejifungua mwezi huu, leo chukua kile kijitabu cha mama na mtoto, ufungue ukurasa wa chanjo, uangalie tarehe ya BCG. Kama hakuna tarehe, usingoje wiki ijayo. Piga simu kituo, uliza siku ya kufungua ni gani, na uende na majirani wenye wachanga ili mjaze chupa. Halafu uniambie kwa komenti mlikuwa wangapi.