Sanduku la Mitindo

Huenda, msomaji, unazo katika simu yako picha nyingi zilizochorwa na mtambo wa akili unde, na kando yake umejiwekea orodha ya mitindo: huu wa rangi za maji, huu wa nakshi za Kiarabu, huu wa mchoraji fulani. Kila utakapo picha, hulitoa jina moja katika orodha na kuuamuru mtambo. Vijana waifanyao kazi hii hudhani kwamba imezuka pamoja na mtambo wenyewe. Sivyo. Kukusanya mitindo, kuipanga na kuipa majina ni jambo la zamani, na katika historia yake mna hasara ambayo yafaa uijue kabla hujalijaza sanduku lako.

Miongoni mwa wakusanyaji mashuhuri alikuwa Owen Jones, msanifu majengo wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1809. Ujanani alisafiri mpaka Hispania pamoja na rafiki yake Jules Goury, wakashinda katika jumba la Alhambra wakinakili nakshi za kuta zake. Goury aliugua kipindupindu akafa huko mwaka 1834. Jones akaendelea na kazi. Mwaka 1856 alitoa kitabu kikubwa kiitwacho The Grammar of Ornament, chenye kurasa 100 za picha za rangi. Humo alizipanga nakshi kwa mataifa na zama: Misri, Ugiriki, Uarabuni, Uhindi, Uchina na kwingineko. Wenye viwanda vya mazulia na vitambaa wakapata hazina mezani pao. Jones mwenyewe alitumaini kwamba kitabu chake kingewazuia watu kuridhika na kunakili tu. Wengi walinakili.

Angalia jinsi sanduku lile lilivyopangwa. Sura ya kwanza aliipa jina la watu aliowaita washenzi, na picha zake nyingi zilitoka visiwa vya Pasifiki. Afrika ya kusini mwa Sahara haikupewa sura yake. Fundi aliyechonga plasta ya Alhambra aliingia kitabuni kwa taifa lake, si kwa jina lake. Kitabu kilihifadhi maumbo kwa uangalifu mkubwa, kikawaacha nje wenye mikono.

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mwenye kuinunua hulisoma jina hilo kwanza. Lakini mtu aliyeichora ile korosho ya mjini hatajwi. Alama ni ya mwenye duka.

Edward Saidi Tingatinga alinusurika na usahaulifu huo. Alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba, na picha zake zikauzwa huko Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Jina lake lilidumu kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliendelea kuchora kwa mtindo wake, wakaubandika jina lake, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chini ya jina hilo.

Sasa turudi kwenye mtambo. Mtambo hujifunza kwa kuoanisha picha na maneno yaliyoandikwa pamoja nayo. Mkusanyo ulioitwa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5 za namna hiyo, zilizookotwa katika intaneti. Picha isiyo na jina la mchoraji yaweza kumfunza mtambo vilevile, ila hakuna awezaye kuidai wala kuiita. Na mwenye jina naye hana raha: mwaka huohuo mchoraji wa Poland, Greg Rutkowski, alilalamika kwamba watu walikuwa wakiliandika jina lake mara maelfu ili wapate picha zinazofanana na zake, bila ya yeye kuulizwa.

Wewe ukaaye Langas, pembeni mwa Eldoret, ukitaka picha ya kinyozi na ukaandika tu “mtindo wa Kiafrika”, utapewa mchanganyiko usio na kwao. Naona droo yenye jina hilo ingefaa kuvunjwa. Badala yake, simama mbele ya kibao cha kinyozi kilichochorwa kwa mkono, uandike: nani alikichora, mtaa gani, mwaka gani, kwa rangi gani, na kwa kazi gani. Tenga waliofariki zamani na walio hai, kwa maana walio hai huweza kuulizwa. Weka picha ya kibao chenyewe mbali na zile zilizotolewa na mtambo, zisije zikachanganyika baada ya miaka miwili ukashindwa kujua ipi ni ipi. Na fanya hima. Jua la kwetu hukwajuza rangi upesi, na mwenye kibanda akihama, kibao hung’olewa kikawa kiraka cha ukuta wa mtu mwingine, upande wenye picha ukitazama ndani.