Kutoka daka la Lamu hadi nguzo za Beit al-Ajaib

Daka ni ukumbi mdogo wenye paa, uliojengwa mbele ya mlango wa nyumba ya mawe ya Waswahili. Huko Lamu, ambako nyumba nyingi za mawe zilizosalia ni za karne ya 18, anayebisha hodi hupanda vidato vichache kutoka uchochoroni hadi kivulini. Kulia na kushoto ziko baraza za mawe zilizopakwa chokaa hadi zikawa laini. Mbele yake ni mlango wa pande mbili, zinazokutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati uliojaa nakshi.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipopokea wageni, akafanya biashara na kusikiliza habari za mji. Mgeni wa kiume aliweza kuketi saa nzima bila kuingia ndani, na faragha ya wanawake wa nyumba ikabaki salama. Ulinzi huo uliendelea hata mlango ulipofunguliwa: nyuma yake kulikuwa na tekani, kijukumbi cha ndani, na njia ya kufikia kiwanda, yaani ua wa ndani, ilipinda, hivyo jicho la mpita njia liliishia ukutani. Ni ubunifu wa hali ya juu kwa eneo dogo kiasi hicho.

Daka halikuhitaji safu za nguzo. Kuta za matumbawe zilibeba dari ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifai kuvuka upana unaozidi mita 3 hivi, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Nguzo zilikuwa za misikitini zaidi, kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14.

Zanzibar ya karne ya 19 ilibadili mpango huo. Katika Mji Mkongwe milango mingi ilisogezwa hadi ukingoni mwa njia, na baraza zikatoka nje, zikaambaa na kuta. Wakati wa mvua kubwa, maji yakijaa vichochoroni, watu hupita juu ya baraza hizo.

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari, jumba la sherehe. Hapa kivuli kilitandazwa kulizunguka jengo zima: veranda pana, ghorofa juu ya ghorofa, zilizobebwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma cha kusubu. Chuma kiliondoa kikomo cha boriti. Upepo wa bahari ukapita, jua likazuiwa lisifike ukutani, na aliyesimama juu akaonekana na bandari yote. Daka lilikuwa limemficha mwenye nyumba. Veranda hizi zilimtangaza mtawala.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia kasri la sultani kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jumba jirani na Beit al-Ajaib, liliharibiwa vibaya, lakini Beit al-Ajaib lenyewe likasimama, na katika matengenezo yaliyofuata likaongezewa mnara wa saa upande wa mbele. Baadaye likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Uchakavu ulilitafuna kwa miaka mingi. Kona moja ilianguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya upande wa baharini iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu wawili wakapoteza maisha.