Kisu cha Kukunja: Kabla ya Kununua, Tazama Kinavyokunjwa

Ami yangu alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Bahari ameiacha, lakini bado hutengeneza nyavu za vijana pale barazani, uzi ameukaza kwa vidole vya mguu, kisu ki mkono wa kushoto. Kisu chake cha zamani kilikuwa kinamtesa, nikajitwika kazi ya kumtafutia kingine. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa faida ya mwenye mkono mmoja, na hata mwenye miwili ambaye mmoja umeshika kamba.

Kisu cha kwanza ni kile cha springi tupu, kama vile vidogo vyekundu vya Uswisi. Springi ya mgongoni hulizuia bapa lisilegee, lakini hailifungi. Ukikandamiza kwa upande usio wake, bapa hurudi na kukuta vidole vyako. Tena hufunguliwa kwa ukucha wa mkono wa pili.

Okapi wengi wetu twaijua. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na leo hutoka Afrika Kusini. Bapa lake lina meno yanayolia kra-kra-kra ukilifungua, na kipete cha kuinua ili lirudi. Ni kisu imara cha bei ya mnyonge. Lakini mkono mmoja uinue kipete na mwingine ukunje bapa: hapo ami hana lake.

Kisu cha kufunga mgongoni kilipata umaarufu kwa Buck 110 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964. Chuma kirefu cha mgongo wa mpini kina jino linaloingia kwenye pengo la bapa. Hushika barabara, na mkono wa kulia na wa kushoto kwake ni sawa. Shida ni kukikunja. Lazima ubonyeze mgongo kwa nguvu huku bapa likisukumwa. Ami alijaribu kulisukuma kwa paja lake. Nikamnyang'anya.

Nikamletea cha ulimi wa ndani, aina iliyoboreshwa na Mmarekani Michael Walker miaka ya 1980. Ubamba wa chuma ndani ya mpini hujitega nyuma ya bapa linapofunguka. Kufungua ni rahisi: kidole gumba husukuma kijiti kidogo kilicho kwenye bapa, au huingia kwenye tundu kama lile ambalo Spyderco walilianzisha mwaka 1981. Nikadhani tumemaliza. Siku ya pili nikamkuta na kitambaa kwenye gumba.

"Mwanangu," akaniambia, "kufungua si tabu. Tabu ni kukirudisha."

Ndipo nikaelewa. Ili kuukunja, gumba husukuma ulimi kando, na gumba hilo limekaa njiani mwa bapa linalorudi. Isitoshe, ulimi huo kwa kawaida umewekwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Kwa kushoto, vidole hujipinda kuutafuta. Ndugu yake ni ule ambao ubavu wenyewe wa mpini ndio ulimi, uliojulikana kwa kisu Sebenza cha Chris Reeve. Huo una nguvu zaidi, lakini hatari ya kidole ni ile ile.

Kilichomfaa ni cha kipingo. Benchmade walikitoa mwaka 1998 kwa jina la Axis, na siku hizi makampuni mengi hutengeneza vya namna hiyo. Kijiti cha chuma hupita mpini ubavu hadi ubavu, kikisukumwa na springi nyembamba. Bapa likifunguka, kijiti huingia juu ya kitako chake. Kukikunja, wavuta kijiti nyuma kwa gumba na kidole cha shahada, kisha bapa huanguka lenyewe. Hakuna kidole njiani, na kushoto au kulia ni mamoja.

Kina ila zake. Springi zile zaweza kukatika, na mchanga wa pwani huganda ndani. Suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, tia tone la mafuta.

Basi ndugu msomaji, muuzaji atakuonyesha kisu kinavyofunguka kwa mbwembwe. Wewe mwambie akikunje, kwa mkono mmoja, polepole. Kisha kishike mwenyewe kwa mkono utakaokitumia na utazame vidole vyako viko wapi bapa linaporudi. Vikiwa njiani, mrudishie. Na hata kiwe na kifungio gani, usikiamini kama kisu cha jikoni kisichokunjika.

Ami sasa hufungua na kukunja bila kuita mtu. Kitambaa cha gumba, alhamdulillah, kimeshatupwa.