Gari linanuka? Tafuta chanzo kabla ya kununua marashi

MADEREVA wengi, gari linapoanza kunuka, hukimbilia marashi ya kutundika kwenye kioo. Marashi hufunika harufu kwa siku chache tu, na huweza kuficha hitilafu inayohatarisha maisha.

Jambo la kwanza ni kutambua harufu yenyewe na wakati inapojitokeza.

Uvundo unaosikika mara kiyoyozi kinapowashwa hutokana na ukungu unaoota katika sehemu ya kupozea hewa, hasa katika miji yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam na Mombasa. Badilisha filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Dakika chache kabla ya kufika uendako, zima kiyoyozi na uache feni ikizunguka ili unyevu ukauke.

Iwapo gari hunuka hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, inua kapeti, kagua chini ya viti na kwenye buti. Maziwa au maji ya samaki yaliyomwagika huoza ndani ya sponji. Osha kwa maji na sabuni, kisha kausha juani milango ikiwa wazi.

Harufu nyingine zahitaji fundi. Harufu tamu, ikiambatana na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele, huashiria kuvuja kwa maji ya kupozea injini, ambayo aghalabu huwa na kemikali yenye sumu. Harufu ya mayai viza huweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi au hitilafu katika mfumo wa ekzosi. Ukisikia plastiki ikiungua, simama, zima injini na ushuke, kwani huenda nyaya za umeme zinaungua. Ukisikia petroli, usiwashe gari wala kiberiti.

La hatari zaidi ni moshi wa ekzosi kuingia ndani. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi inayoua, isiyo na rangi wala harufu. Dereva au abiria akiumwa kichwa, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu, simamisheni gari, shukeni mpate hewa safi na mtafute matibabu.

Kamwe usilale garini injini ikiunguruma na vioo vimefungwa. Hapo pua haitakuonya.